Rudolph Vecoli, profesa aliyewatunzia wavuja jasho kumbukumbu zao

Chini ya Maktaba ya Elmer L. Andersen, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, kuna mapango mawili yaliyochimbwa ndani ya ukingo wa mto Mississippi. Kila pango ni refu kuliko uwanja wa mpira, na hewa yake hudhibitiwa usiku na mchana ili karatasi zisiote ukungu wala kukauka zikavunjika. Katika maboksi yaliyopangwa humo zimo kumbukumbu ambazo maktaba nyingi za zamani zisingezipokea hata mlangoni: madaftari ya michango ya vyama vya kufa na kuzikana, magazeti ya vibarua, mihtasari ya mikutano ya vyama vya wafanyakazi, na barua za wazazi waliobaki kijijini wakiwaandikia watoto wao walioko ng'ambo.

Karatasi hizo zimenusurika kwa jitihada za watu kadhaa. Aliyeubeba mzigo huo kwa muda mrefu kuliko wote ni Profesa Rudolph J. Vecoli, aliyeongoza Kituo cha Utafiti wa Historia ya Uhamiaji cha chuo hicho tangu 1967 hadi alipostaafu 2005. Alifariki dunia Juni 2008 akiwa na umri wa miaka 81. Katika magazeti yetu ya Kiswahili jina lake halijaandikwa sana, ilhali kazi yake inatugusa. Ndugu zetu wengi leo wanavuja jasho ugenini, kuanzia Muscat na Doha hadi Minneapolis, na swali alilolijibu Vecoli kwa maisha yake yote ndilo linalotukabili: nani ataweka kumbukumbu za watu hawa?

Mtoto wa wahamiaji aingia chuo kikuu

Vecoli alizaliwa Machi 2, 1927 huko Wallingford, katika jimbo la Connecticut, mji uliojulikana kwa viwanda vya vyombo vya fedha. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Baada ya kutumikia jeshi la majini mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, alisoma katika Chuo Kikuu cha Connecticut, kisha Pennsylvania, na mwaka 1963 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Tasnifu yake ilihusu Waitalia wa Chicago kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Wakati ule, kijana aliyechagua mada ya namna hiyo alikuwa anajitafutia upweke. Historia ya Marekani iliyofundishwa vyuoni ilikuwa ya marais, majenerali, wabunge na wenye viwanda. Mhamiaji maskini alitajwa pale alipokuwa tatizo: nyumba zilizosongamana, magonjwa, uhalifu, kura zilizonunuliwa. Mikono iliyofuma nguo, iliyochimba makaa na kutandika reli ilionekana, lakini mwenye mikono hakuulizwa neno.

Mwanahistoria mmoja mkubwa alikuwa ameshajaribu kuvunja ukimya huo. Oscar Handlin wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa mwaka 1951 kitabu chake "The Uprooted", kilichopata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Handlin aliandika kwa huruma kubwa, naye anastahili heshima kwa kuwaweka wahamiaji katikati ya historia ya taifa lile. Lakini picha aliyoichora ilikuwa ya mkulima wa Ulaya aliyeng'olewa kijijini kwake, akatupwa katika jiji geni, akapoteza jamaa, desturi na dira. Wakulima wote wa Ulaya walifanywa kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amevunjika.

Vecoli alikuwa ameusoma ushahidi wa Chicago, na haukulingana na picha hiyo. Desemba 1964 alichapisha katika "Journal of American History" makala iliyoitwa "Contadini in Chicago", akimkosoa Handlin hoja kwa hoja. Kwanza, alionyesha kwamba wakulima wa Italia ya kusini hawakuishi katika vijiji vidogo vyenye umoja kama Handlin alivyodhani. Wengi waliishi katika miji minene ya wakulima, wakitoka alfajiri kwenda mashamba ya mbali na kurudi jioni, huku kila mtu akiweka familia yake mbele ya yote. Pili, walipofika Chicago hawakutawanyika. Watu wa mji mmoja wa Italia walijazana mtaa mmoja, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakaanzisha vyama vya kusaidiana vyenye jina la mtakatifu msimamizi wa kwao, na kila mwaka wakambeba mtakatifu huyo barabarani kwa bendi na fataki.

Kwa ufupi, walivuka bahari na jamii yao. Ugumu waliupata, tena mkubwa. Walinyonywa na madalali wa kazi wa kabila lao wenyewe, waliowatafutia vibarua vya reli na kuwakata ujira. Hata hivyo, walipambana na ugumu huo kwa silaha walizotoka nazo nyumbani: undugu, ujirani, imani, na ukaidi wa mkulima aliyezoea kutomwamini bwana yeyote. Vecoli aliwataka wanahistoria wenzake waheshimu tofauti za kila jamii, wasiwaweke wahamiaji wote katika kapu moja.

Miaka 5 baadaye alirudi kwenye jambo hilohilo kwa upande wa dini. Kanisa Katoliki la Marekani liliongozwa zaidi na maaskofu wenye asili ya Ireland, ambao hawakupendezwa na maandamano ya Waitalia na watakatifu wao. Katika parokia kadhaa Waitalia walifanyia ibada zao katika chumba cha chini ya kanisa, wakati wengine wako juu. Aliyetaka kuelewa imani ya watu hawa hangeipata katika nyaraka za maaskofu pekee. Ilibidi atafute karatasi za waumini wenyewe, na karatasi hizo hazikuwa katika maktaba yoyote.

Wazo lililotoka migodini

Kaskazini mwa Minnesota kuna eneo liitwalo Iron Range. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, madini ya chuma ya safu ya Mesabi yalichimbwa humo na kusafirishwa kwa meli kupitia Maziwa Makuu ya Marekani hadi kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma. Chuma hicho kilijenga reli, madaraja na maghorofa ya nchi nzima. Waliokichimba walikuwa Wafini, Waslovenia, Wakroatia, Waserbia, Waitalia na makumi ya mataifa mengine.

Wachimbaji walilipwa kwa kiasi cha madini walichotoa. Mnyapara ndiye aliyeamua nani achimbe wapi, na aliyetaka sehemu nzuri mara nyingi alilazimika kumpenyezea mlungula. Mwaka 1907 waligoma, na baada ya mgomo kushindwa, Wafini wengi waliandikwa katika orodha ya watu wasiotakiwa kuajiriwa tena. Juni 1916 Joe Greeni, mchimbaji Mwitalia, aliweka zana chini katika mgodi wa St. James mjini Aurora. Wenzake wakamfuata, na kwa muda mfupi mgomo ukaenea katika safu nzima. Chama cha wafanyakazi cha Industrial Workers of the World kilituma wasemaji waliohutubia katika lugha za wachimbaji. Makampuni yaliweka walinzi wenye silaha, na katika mji wa Virginia, Minnesota, mchimbaji Mkroatia aliyeitwa John Alar aliuawa kwa risasi. Ilipofika Septemba mgomo ukaisha bila makampuni kukubali madai ya chama.

Nusu karne baadaye, wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipoanza kuchunguza maisha ya Iron Range, walikuta upande mmoja una nyaraka tele. Makampuni yalikuwa na vitabu vya hesabu, serikali ilikuwa na ripoti, na polisi walikuwa na majalada. Maneno ya wachimbaji yalikuwa katika Kifini, Kislovenia na Kiitalia, ndani ya masanduku ya watu binafsi na makabati ya kumbi za vyama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wachimbaji hawa daftari walikuwa nalo, ila hakuna taasisi iliyoona kwamba lina thamani.

Ndipo kituo kikaanzishwa mwaka 1965, na miaka miwili baadaye Vecoli akaitwa kukiongoza. Mwaka huohuo wa 1965 Bunge la Marekani lilifuta mfumo wa mgawo uliowekwa mwaka 1924, ambao ulikuwa umewabana watu wa Ulaya ya kusini na mashariki na kuwafungia mlango Waasia na Waafrika walio wengi. Wakati chuo kinaanza kukusanya nyaraka za wahamiaji wa zamani, mlango wa wahamiaji wapya ulikuwa unafunguliwa.

Kabla jalala halijawahi

Kituo kilikuwa kinashindana na muda. Kizazi kilichovuka bahari kabla ya 1914 kilikuwa kizee. Vyama vya kusaidiana vilikuwa vinafungwa kwa kukosa wanachama wapya, na magazeti ya lugha za ugenini yalikuwa yanazimika moja baada ya jingine. Watoto hawakuweza kusoma lugha ya wazazi wao. Mzee akifa, warithi walikuta sanduku la karatasi wasizozielewa, na njia fupi ya kulimaliza ilikuwa jalala.

Palikuwa na hofu pia. Mwaka 1919 na 1920 serikali ya Marekani iliendesha misako mikubwa dhidi ya wahamiaji wenye siasa kali za mrengo wa kushoto, ikakamata maelfu na kuwafukuza mamia nchini. Familia iliyopitia misako hiyo haikuwa na sababu ya kumkabidhi mgeni kutoka chuoni majina ya wanachama. Kituo kilihitaji watu wanaojua lugha zao, wanaoheshimu viongozi wa vyama na mapadri, na wanaoweza kueleza kwa uaminifu kwamba karatasi hizi zitalindwa.

Mkusanyo uliotokana na kazi hiyo ni wa ajabu kwa upana wake. Zimo nyaraka za jumuiya iliyochapisha "Työmies", gazeti la wafanyakazi wa Kifini lililoanza mwaka 1903 na baadaye likawa na makao yake Superior, Wisconsin. Zimo za Order Sons of Italy in America, chama cha Waitalia kilichoanzishwa New York mwaka 1905. Zimo pia za Philip Hitti, msomi aliyezaliwa Lebanon, mwandishi wa "History of the Arabs", ambaye mapema katika maisha yake aliandika pia juu ya Washamu waliohamia Marekani. Waukraina, Wapolandi, Wahungaria, Wagiriki na wengine wengi wamo.

Kituo kilipokea kumbukumbu za wacha Mungu na za wasioamini, za wakomunisti na za maadui wa ukomunisti. Waitalia wa Marekani waligombana vikali juu ya Mussolini, na pande zote mbili za ugomvi huo zina nafasi katika maboksi. Hili nalihesabu kuwa tendo kubwa la uaminifu. Ni rahisi kutunza urithi wa ngoma, vyakula na mavazi ya sherehe, kwa kuwa hauna adui. Urithi wa mgomo uliovunjwa, wa ndugu waliosalitiana, wa watu waliofungwa kwa kudai mkate, unahitaji mtunzaji mwenye msimamo.

Msimamo huo ulionekana katika mambo aliyoyachagua kuyaandika. Mojawapo ni habari ya Anthony Capraro, Msisilia aliyekuwa mratibu wa chama cha washona nguo. Mwaka 1919 wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lawrence, Massachusetts, waliokuwa wahamiaji wa lugha nyingi, waligoma wakitaka wiki ya kazi ipunguzwe kutoka saa 54 hadi saa 48 bila ujira kupungua. Capraro alikwenda kuwasaidia. Usiku mmoja wa mwezi Mei watu waliofunika nyuso zao walimteka na kumpiga vibaya. Hakufa, na mwezi huohuo mgomo ulimalizika kwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 15. Karatasi za Capraro zimehifadhiwa katika kituo cha Minnesota, na kwa sababu hiyo Vecoli aliweza kueleza mgomo ule kwa kumtazama mtu aliyekuwa ndani yake. Bila karatasi hizo, Capraro angebaki jina katika jalada la polisi.

Vecoli hakujifungia maktabani. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa American Italian Historical Association mwaka 1966 na akawa rais wake. Alikuwa pia mmoja wa wanahistoria walioshauri ukarabati wa Ellis Island, kisiwa cha bandari ya New York ambako watu zaidi ya milioni 12 walikaguliwa kati ya 1892 na 1954. Makumbusho ya uhamiaji yalifunguliwa huko Septemba 1990, na mgeni anayepita katika kumbi zile hukutana na mabegi, pasipoti na picha za watu wasio na cheo.

Majirani wapya wa maktaba

Ukitoka katika Maktaba ya Andersen na kutembea kidogo, unaingia Cedar-Riverside. Zamani mtaa huo ulikuwa wa Waswidi na watu wengine wa Skandinavia, vibarua waliopanga vyumba karibu na mto. Leo ni mojawapo ya mitaa mashuhuri zaidi ya Wasomali nchini Marekani. Maghorofa ya Riverside Plaza, yaliyokamilika mwaka 1973, yamejaa familia kutoka Afrika Mashariki, na chini yake kuna misikiti, migahawa na maduka ya nguo na ya kutuma fedha.

Wengi wao walikimbia vita vya Somalia vilivyoanza 1991, wakapitia Kenya: kambi za Dadaab, Kakuma na Utange karibu na Mombasa, au mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi. Wapo wanaozungumza Kiswahili vizuri kwa sababu ya miaka hiyo. Walipofika Minnesota walipata kazi ambazo wenyeji walikuwa wakizikimbia, zikiwemo za viwanda vya nyama na bata mzinga, usafi wa ofisi, udereva wa teksi na maghala ya bidhaa.

Desemba 2018 wafanyakazi wa ghala la Amazon mjini Shakopee, wengi wao wakiwa Wasomali, waliandamana nje ya ghala hilo kulalamikia kasi ya kazi waliyowekewa na kudai waheshimiwe katika mambo ya sala. Julai 2019, katika siku za mauzo makubwa ya kampuni hiyo, baadhi yao waligoma kwa saa kadhaa. Waliratibiwa na Awood, kituo cha wafanyakazi wenye asili ya Afrika Mashariki. Mchimbaji wa Mesabi aliyelipwa kwa wingi wa madini angewaelewa bila mkalimani: yeye na wao walipimwa kwa kasi ya mikono yao.

Waliomfuata Vecoli wameuona uhusiano huo. Chini ya Profesa Donna Gabaccia, kituo kilianza kuweka barua za wahamiaji katika mtandao wa intaneti, zikionekana kwa mwandiko wa asili pamoja na tafsiri. Chini ya Profesa Erika Lee ukaanzishwa mradi ambamo wahamiaji na watoto wao walitengeneza video fupi za dakika chache, wakisimulia safari zao kwa sauti zao wenyewe. Wasomali na Waafrika wengine wamo.

Tutaacha nini?

Hapa ndipo urithi wa Vecoli unapotutaka tufanye kazi. Mchimbaji Mfini wa mwaka 1916 aliandika barua kwa wino, na karatasi ile ikakaa sandukuni miaka 60 ikimsubiri mtu wa kuipokea. Mhamiaji wa leo hutuma ujumbe wa sauti kwa mama yake. Simu inapoanguka majini, ikiibwa au ikijaa, sauti hiyo imekwenda. Daftari la mweka hazina wa chama cha kuzikana limekuwa orodha ya majina katika kundi la WhatsApp, na kundi likivunjika, orodha inavunjika nalo. Tunawasiliana kuliko kizazi chochote kilichotutangulia, na huenda tukaacha kumbukumbu chache kuliko vizazi hivyo.

Nyaraka za upande wa pili zitabaki. Mwajiri ana rekodi zake, ubalozi una majalada yake, idara ya uhamiaji ina alama za vidole. Miaka 50 ijayo mtafiti atakayetaka kujua yaya wa Kitanzania aliishi vipi Oman, au dereva wa Kikenya aliishi vipi Qatar, atakuta mkataba wa kazi na tarehe ya kuingia na kutoka. Hatakuta alichokipika siku ya Idi, aliyemkopesha nauli, wala namna alivyozungumza na wanawe kwa simu usiku. Mtu huyo atakuwa ameandikwa na aliyemwajiri tu, kama Waitalia na Wafini walivyoandikwa kabla ya Vecoli.

Vyuo vikuu vyetu na hifadhi zetu za nyaraka zina wajibu. Zitangaze kwamba zinapokea madaftari ya vyama vya wana diaspora, barua, kanda za kaseti ambazo wazazi wetu walitumiana miaka ya 1980, na picha za kambini na kazini. Zifundishe vijana kuhoji na kurekodi wazee. Zitoe ahadi iliyoandikwa juu ya siri za watu, kwa kuwa wengi waliishi ugenini bila vibali na hofu yao ni ya kweli. Kituo cha Minnesota kilianza bila hazina ya nyaraka za kifahari. Kilianza na imani kwamba daftari la vibarua lina haki ya rafu sawa na shajara ya gavana.

Vyama vya wahamiaji vyenyewe navyo visisubiri kuitwa. Katibu anayemaliza muda wake aandike mihtasari mahali pa kudumu, ahifadhi nakala zaidi ya moja, na aikabidhi kwa anayemfuata mbele ya mashahidi. Nyumbani, ujumbe wa sauti wa baba aliyeko Dubai uhamishwe kutoka kwenye simu, uandikwe tarehe na mahali. Picha iliyoko ukutani igeuzwe nyuma yake iandikwe majina. Hayo hayahitaji shahada wala bajeti ya serikali, na tuanze nayo wiki hii kwa kuwaendea waliorudi kutoka ughaibuni wakiwa wazee, maana wao ndio pekee wanaojua akina nani wamesimama katika picha zile.